Ukuta wa Mayatima na Nyufa za Nyumba Zetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyetujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake kwa mikono yake mitukufu. Ama baada ya haya.

Ndugu Waislamu, kila mwaka masika yanapoingia sisi watu wa pwani huanza malalamiko yale yale. Hapa dari inavuja, pale ngazi imekatika, kwa fulani lipu imemwagika usiku na kumkosa mtoto kwa shibiri moja. Beseni linawekwa sebuleni, ndoo inawekwa chumbani, mkeka unahamishwa pembe hii hadi pembe ile, naye baba wa nyumba amekaa barazani akisema, "Tutafanya nini? Ni mvua ya Mungu." Mvua ni ya Mungu, hilo halina shaka. Lakini lile tundu la juu ya dari ni la nani? Mwaka jana lilikuwepo, na mwaka juzi lilikuwepo, na jua la kaskazi lilipowaka miezi mitatu mfululizo hakuna aliyepanda kuliziba.

Nataka kusema jambo moja tu, nalo nitalisema bila ya kumwonea mtu haya. Kuiacha nyumba ibomoke hali uweza wa kuitengeneza upo, huko si umaskini, wala si zuhudi, wala si kumtegemea Mwenyezi Mungu. Huko ni kupoteza amana. Na wanaolipa gharama ya kupotea kwake, mara nyingi, si sisi wenye kauli. Anayelipa ni mama mzee anayeteremka ngazi mbovu alfajiri kwenda kutia udhu. Anayelipa ni mtoto aliyelazwa chini ya boriti iliyooza. Anayelipa ni mpita njia asiyejua kilichoning'inia juu ya kichwa chake.

UKUTA WA SURATUL KAHF

Sote tunaisoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Wako waliohifadhi, na wako wanaoisoma kwa tajwidi ya kupendeza. Basi na tusimame kidogo penye kile kisa cha Nabii Musa (A.S.) na mja yule mwema, ambaye wanazuoni wamemtambua kuwa ni Al-Khidhr. Waliingia katika mji, wakawaomba wenyeji chakula, na wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Mle mjini wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka. Yule mja mwema hakusema, "Watu hawa wametunyima tonge, na ukuta wao na uwaangukie." Aliusimamisha. Nabii Musa akamwambia kuwa lau angalitaka angalichukua ujira. Baadaye ndipo akaelezwa siri yake: ukuta ule ulikuwa wa watoto wawili mayatima, chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Mola wao alitaka wafikie utu uzima, kisha waitoe hazina yao wenyewe.

Tazama, ndugu yangu, mambo yaliyokusanyika hapa. Wenye ukuta ni watoto wasio na uwezo wa kuutengeneza. Majirani wanao uwezo lakini wamelala. Na Mwenyezi Mungu, ambaye angaliweza kuihifadhi hazina ile kwa njia yoyote aitakayo, aliihifadhi kwa mikono ya mtu aliyekarabati ukuta. Hakuteremsha malaika waushike usianguke, alipeleka fundi. Na kazi ile ya mawe na udongo imetajwa katika Kitabu kitakatifu, inasomwa mpaka Siku ya Kiyama. Kisha mtu aniambie kuwa habari za nyufa na mabomba ni mambo ya kidunia yasiyostahili kuzungumzwa na mashekhe!

Na si kisa hiki peke yake. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kulala juu ya sakafu ya nyumba isiyo na kizuizi pembezoni, dhima imemwondokea. Maana yake, akianguka asimlaumu mtu, kwani amejitia hatarini mwenyewe. Dini iliyoshughulika na ukuta mfupi wa kumzuia mtu asianguke usingizini, itanyamaza juu ya ngazi iliyokatika vidato viwili na watoto wa chuoni wanapanda na kushuka na misahafu yao?

WANAOSEMA DUNIA MAPITO

Udhuru wa kwanza ninaousikia ni huu: "Shekhe, dunia mapito. Yanini kuhangaika na matofali?" Na mwenye elimu kidogo hukuletea na hadithi. Atakwambia kuwa Mtume (S.A.W.) alimpitia Abdullah bin Amr na mama yake wakitengeneza kibanda chao kwa udongo, akawaambia kuwa lile jambo lenyewe, yaani mauti, lina haraka zaidi kuliko hayo.

Hadithi hiyo tunaijua, na tunaikubali kwa kichwa na macho. Lakini isome vizuri. Mtume (S.A.W.) hakuwaambia, "Acheni." Hakumnyang'anya udongo mkononi. Alimkumbusha asirefushe matumaini, asidhani kuwa kibanda kile kitamchelewesha kwenda kaburini. Huo ni ukumbusho kwa mwenye kufanya kazi. Hauwezi kuwa cheti cha ruhusa kwa mvivu. Na tunamwuliza huyu bwana mwenye zuhudi: mbona dunia haikuwa mapito ulipofunga harusi ya siku nne, ukakodi viti na mahema na vipaza sauti, ukalisha mtaa mzima biriani? Mbona haikuwa mapito uliponunua makochi yasiyoingia mlangoni mpaka mlango ukatiwa tezo? Dunia imekuwa mapito ilipofika zamu ya mlizamu tu!

Wengine hutaja ule msikiti wa Madina, wakasema ulikuwa ukivuja, na Mtume (S.A.W.) alisujudu juu ya maji na tope. Kweli, alisujudu. Paa lilikuwa la makuti ya mtende, na hiyo ndiyo hali iliyokuwako. Lakini Imamu Bukhari huyo huyo ametupokelea kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alikuja akauongeza msikiti ule na kuujenga upya kwa namna ya ujenzi wake wa kwanza, akarudishia nguzo zake. Kisha Sayyidna Uthman (R.A.) akaujenga kwa mawe yaliyochongwa na chokaa, na dari yake akaifanya ya msaji. Mawe, chokaa na msaji! Ndivyo vitu vile vile walivyojengea wazee wetu Lamu, Mombasa na Unguja. Masahaba hawakuona kuwa mapenzi yao kwa Mtume yanawataka wauache msikiti wake uendelee kuvuja.

Na yako mazingatio karibu zaidi. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa fahari ya pwani nzima. Ilichakaa miaka mingi mbele ya macho ya watu. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya matengenezo imekwisha anza, sehemu kubwa ya jengo lile iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe ulikuwa umekwisha tiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu ikafuatia mwaka 2001. Orodha ni jambo la heshima, lakini haizuii maji. Ikiwa jumba la mfalme halikumngoja fundi aliyechelewa, nyumba yako na yangu itamngoja?

NYUMBA YA WARITHI

Sasa nifike penye donda lenyewe. Nyumba nyingi zinazoanguka katika mitaa yetu ya kale si za maskini. Ni za warithi. Babu alikufa miaka thelathini iliyopita, na mirathi haikugawanywa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa, "Sisi ndugu tunapendana, hatuna haja ya kugawana." Wallahi, ni mapenzi ya ajabu hayo! Mmoja yuko Muscat, mmoja Dar es Salaam, wawili Ulaya, na waliokufa wameacha watoto, na watoto wana wajukuu. Nyumbani amebaki dada mmoja, mjane au asiyeolewa, na ndiye anayepokea maji ya mvua kwa niaba ya ukoo wote.

Dada huyu akipiga simu kuwa boriti za chumba cha juu zimeoza, huambiwa, "Subiri tukutane." Hawakutani. Akisema basi nitauza mikufu yangu nitengeneze, huambiwa, "La! Usiguse kitu. Ukitengeneza wewe, kesho utasema nyumba ni yako." Kutoa hawatoi, na anayetaka kutoa wanamzuia. Kisha nyumba ikianguka wote wanakuja kwa ndege, wanavaa kanzu nyeupe, wanakaa matangani wakisema, "Ni kadari."

Katika hao wako wanaojua fiqhi kidogo, nao hushika neno moja. Husema kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kwa kauli mpya, mshirika halazimishwi kujenga pamoja na mwenziwe kitu cha shirika kilichoharibika. Ni kweli, kauli hiyo imo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, na ndiyo iliyotiliwa nguvu. Lakini mbona mnasoma nusu ya mstari? Hapo hapo, katika habari ya ukuta wa shirika ulioanguka, imeelezwa kuwa mshirika mmoja akitaka kuurudishia kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiliwi. Sheria haikukulazimisha kutoa, lakini vile vile haikukupa upanga wa kumkatia njia anayetoa. Wewe umechukua ile rukhsa ya kukaa, ukaongeza juu yake dhuluma ya kuzuia.

Tena kutolazimishwa na kadhi ni kitu kimoja, na kusalimika mbele ya Mwenyezi Mungu ni kitu kingine. Chukua habari ya ukuta ulioinama juu ya njia ya watu. Wanazuoni wetu wamesema, aliyeujenga umeelemea njiani tangu mwanzo, ukianguka ukadhuru, huyo ni mwenye kudhamini. Ama aliyeujenga sawasawa kisha ukainama wenyewe, kauli yenye nguvu ni kuwa hana dhamana. Sikufichi hilo, ingawa liko upande wako. Lakini iko na kauli nyingine katika madhehebu hayo hayo, kuwa akiwa aliweza kuuvunja au kuutengeneza naye akauacha, atalipa. Na wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wamesema, akishaambiwa auondoe, akapata nafasi, asiuondoe, ni juu yake. Basi wewe unayejua kuwa ukuta wa babu yako umeachana na boriti zake, na chini yake ndiyo njia ya watoto kwenda chuoni, utalala usingizi kwa kuwa iko kauli inayokuokoa na fidia? Kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Je, kukining'iniza juu ya njia ni tawi la nini?

Dawa ya jambo hili inajulikana, nayo haihitaji mkutano wa miaka kumi. Mirathi igawanywe mapema, kila mtu ajue fungu lake, mume kwa mke. Ikiwa nyumba haigawanyiki, basi wamchague mmoja awe msimamizi, waandikiane mbele ya mashahidi, na anachotoa kila mmoja kwa matengenezo kiandikwe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike deni la muda, na akatukataza tusichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Tungaliandika, dada yule asingalishukiwa wizi kwa kuziba dari inayomvujia. Na kama nyumba ina wapangaji, kodi yake ianze kwa nyumba yenyewe kabla ya kutiwa mifukoni. Hivyo ndivyo ilivyo hukumu ya wakfu: mapato yake hutangulizwa kwa kuuimarisha wakfu, ndipo wafuate wenye kustahiki. Wasimamizi wa wakfu wanaonisoma wajikumbuke na wao, kwani ziko nyumba za wakfu ambazo kodi hukusanywa kila mwezi na mabati yake hayajabadilishwa tangu mabati yalipokuwa mapya.

SARUJI JUU YA CHOKAA

Wako na wanaotengeneza, lakini wanatengeneza macho ya watu. Ramadhani ikikaribia, au posa ikiletwa, rangi inanunuliwa. Upande wa mbele unang'aa kama bibi harusi. Ingia ndani mpaka jikoni: moshi hauna pa kutokea, karo imeziba, bomba limefungwa kwa kitambaa, na mke wa mwenye nyumba anakanyaga maji machafu tangu asubuhi hadi Isha. Wageni wanaona rangi, watu wa nyumbani wanaona nyumba. Na Mtume (S.A.W.) amesema nini juu ya mbora wetu? Si yule aliye mbora kwa ahali zake?

Na rangi hiyo ina balaa jingine ambalo wazee walilijua. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo hunywa maji na kuyatoa. Chokaa ni laini, ina matundu madogo madogo, nayo huuacha ukuta upumue: unyevu ukiingia, hutoka. Leo mtu akiona lipu imemwagika, humwita fundi wa haraka, nayo saruji inapigwa juu ya chokaa, kisha rangi ya mafuta juu ya saruji. Ukuta umezibwa pua na mdomo. Maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayoteremka kutoka darini hayana njia ya kutokea, yanakaa ndani pamoja na chumvi yake. Miaka michache baadaye saruji inabanduka kipande kizima na jiwe juu yake, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani vinaoza mahali ambapo jicho halivioni. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na ndizo zilizopima upana wa vyumba vyetu, maana mti huo haukuwapa wazee urefu wa kutosha kuwavusha mbali zaidi. Kichwa cha boriti kikioza, chumba kizima kimeoza.

Utasema, "Chokaa ni kazi ndefu." Ndiyo, ni kazi ndefu. Matumbawe yachomwe tanuuni, chokaa imwagiwe maji, iachwe itulie muda mrefu ndipo itumike. Lakini wazee wetu walikuwa na subira hiyo, na ndiyo maana wewe leo una nyumba ya kuiharibu.

FUNDI NA MWENYE KAZI

Najua kuwa wengi wanaosoma hapa wamekuwa wakinong'ona tangu mwanzo, "Shekhe anatulaumu sisi, hajui mafundi!" Namjua fundi. Anakuja siku ya kwanza mapema, anavunja ukuta mpaka kati, anachukua arbuni, anasema, "Kesho asubuhi, inshaallah," na hiyo asubuhi huja baada ya wiki tatu. Anakuwa na kazi nne mitaa minne, na kila mwenye nyumba amebaki na ukuta ulio wazi. Anachanganya mchanga mwingi na saruji kidogo, kisha analainisha juu kwa mwiko ili isijulikane. Na neno "inshaallah", ambalo Mwenyezi Mungu alimfundisha Mtume wake katika Suratul Kahf hiyo hiyo, amelifanya jina la uwongo wake. Fundi wa namna hii ajue kuwa timazi ni mizani. Ukuta uliopinda ni sawa na kilo iliyopunjwa, na Suratul Mutaffifin haikuteremka kwa wauza nafaka peke yao.

Lakini na tuwasikilize na wao. Fundi mmoja mtu mzima aliniambia neno ambalo sikuwa na jibu lake. Alisema, "Shekhe, hawa watu hawaniiti nyufa zikiwa kama uzi. Wananiita maji yameshafika kitandani. Hapo wanataka nimalize leo, kwa bei ya ule uzi." Haya ndiyo mambo yalivyo. Mwenye nyumba ameacha ufa miaka mitano, kisha anamgombeza fundi kwa siku tano. Anapatana naye kwa bei ya kumkaba roho, naye fundi, ili apate pa kupitia, anaiba katika saruji. Kazi ikimalizika, malipo yanaanza kutembea: njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi, njoo nikirudi safari. Ilhali Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ibn Majah, ametuamrisha tumpe mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi yake, naye asimpe ujira wake. Unaswali chini ya dari ambayo fundi wake hajalipwa, na hasimu wako ni Mola unayemsujudia. Tafakari.

MAJI YA MLIZAMU

Limebaki la jirani. Mitaa yetu ni ya vichochoro, nyumba zimeegemeana kama safu ya sala, na ufa wa mmoja ni ufa wa wote. Mtu anatengeneza paa lake, alhamdulillah, lakini mlizamu anauelekeza kwenye ukuta wa jirani. Kwake kumekauka, kwa jirani kunaoza. Fiqhi imeruhusu kutoa mlizamu kwenye njia ya watu, lakini kauli mpya ya Imamu Shafi ni kuwa kinachoharibiwa nao kina dhamana. Ikiwa hivyo ndivyo kwa njia ya watu wote, utasema nini juu ya kuyamwaga maji yako ndani ya chumba cha mwenzio? Kanuni tuliyosomeshwa tungali watoto ni kuwa hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

Na upande wa pili, jirani naye akija kukuomba apite kwako aweke ngazi, au aegemeze boriti yake kwenye ukuta wako, usimfungie mlango kwa ugomvi wa kuku wa mwaka juzi. Abu Huraira (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) makatazo ya jirani kumzuia jirani asiweke ubao katika ukuta wake. Na alipowaona watu wanainamisha vichwa, yeye Abu Huraira aliwakemea. Mimi naona vichwa vingi vimeinama hivi sasa.

BASI TUFANYE NINI?

Sisemi mtu akope ili ajenge kasri. Asiye na uwezo ana udhuru wake, na huyo ndiye yatima wa kisa chetu. Ni juu yetu kumsimamishia ukuta bila ya kungoja ujira, kama alivyofanya yule mja mwema katika mji uliomnyima chakula. Vijana wa mtaa wanaokesha barazani wakicheza dhumna wana nguvu ya kubeba mawe na maji. Jumamosi moja yatosha kuziba dari ya mjane.

Ama mwenye uwezo, na aanze na mambo madogo. Kabla ya masika mara moja, na kabla ya vuli mara moja, apande juu ya nyumba yake kwa miguu yake, asitume mtoto. Asafishe michirizi, atoe majani na viota. Ang'oe mti uliojiotea ukutani ungali kichipukizi, kwani mzizi wake ni nondo unaopasua jiwe. Agonge lipu kwa vidole asikie penye uwazi. Adunge vichwa vya boriti kwa ncha ya kisu aone kama vimekuwa unga. Atazame njia za mchwa. Ngazi iliyotikisika irudishiwe siku hiyo hiyo. Na kila mwezi aweke kando kitu kidogo kwa jina la nyumba, kama anavyoweka cha kanzu ya Idi. Watoto wetu tangu wanapojua kusema tunawafundisha kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaisema vizuri, kwa sauti moja. Na wanapoisema, huwa wameketi chini ya ufa.

Na tuwafundishe watoto wa kiume kushika mwiko na nyundo. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema kuwa alikuwa katika kuwatumikia ahali zake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Kiumbe bora kuliko wote hakuona aibu, na kijana wetu aliyesoma mpaka chuo kikuu anaona aibu kubadilisha mpira wa bomba! Anamngoja fundi siku nne na maji yanamwagika, hali israfu ya maji imekatazwa.

Wako watakaosema nimezungumza maneno ya mawe na nikaacha maneno ya nyoyo. La hasha. Nyumba ndiyo inayousema moyo wa mwenyewe. Anayemjali aliye chini yake atatazama kilicho juu yake. Wale mayatima wawili walihifadhiwa kwa wema wa baba yao, naye amekwisha kuwa mchanga kaburini. Sisi nasi tutakuwa mchanga. Watoto wetu watarithi kuta hizi, na wajukuu wetu watalala chini ya dari hizi. Kila mmoja na ajiulize leo, kabla wingu la masika halijatanda: mimi nimewawekea hazina chini ya ukuta, au nimewawekea ukuta juu ya vichwa?

Mwenyezi Mungu azitilie baraka nyumba zetu, awahifadhi waliomo ndani yake, na atupe taufiki ya kutimiza amana kabla hatujaulizwa juu yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.